Pumzi Inayopanda: Barakoa, Miwani na Asubuhi za Simiyu

Kwa nini miwani huingia ukungu mara tu mtu anapovaa barakoa, na afanye nini aendelee kuona? Swali hili lilisikika karibu kila kona ya Tanzania mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huo, shule zikafungwa, na mafundi cherehani waliozoea kushona sare wakageukia barakoa za kitenge. Wenye miwani wakajikuta njia panda: wakivaa barakoa hawaoni kwa sababu ya ukungu, wakivua miwani hawaoni kwa sababu ya macho.

Barakoa haikuondoka pamoja na janga. Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, bado inavaliwa kwenye kliniki za kifua kikuu, kwenye vyumba vya upasuaji, kwenye viwanda vya kuchambua pamba, na kwenye nyuso za waendesha bodaboda wanaokula vumbi la barabara za vijijini. Mkoa huu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pamba haichambuliwi bila kutoa vumbi. Swali la mwaka 2020, kwa hiyo, bado lina wenyewe.

Jibu fupi ni kwamba ukungu ule ni pumzi ya mvaaji mwenyewe, inayotoroka kwa juu, pembeni mwa pua. Ushauri mwingi unaozunguka mitaani huanza na miwani: ipake hiki, ifute kwa kile. Huko ni kuanzia mwisho. Miwani haina kosa. Inayovuja ni barakoa, na anayetaka kulimaliza tatizo aanze na barakoa.

Maji yasiyoonekana

Hewa inayotoka mapafuni ina joto la nyuzi 34 hivi za Selsiasi, na imebeba karibu mvuke wote inaoweza kuubeba. Mvuke ni maji yaliyogeuka kuwa hewa, kwa hiyo hauonekani. Kwa siku moja mtu mzima hupoteza kati ya robo lita na nusu lita ya maji kwa kupumua tu, bila kutoka jasho na bila kujua.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 34 inaweza kubeba gramu 37 hivi za maji. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 18, uwezo wake hushuka hadi gramu 15 hivi. Zile gramu 22 zilizozidi ni lazima zitue mahali, nazo hutua juu ya chochote cha baridi kilicho karibu. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa kwa nje kwa sababu hiyo, ingawa haina tundu hata moja.

Joto ambalo hewa ikishuka hadi hapo huanza kudondosha maji huitwa kiwango cha umande. Kwa hewa kavu ya mchana kiwango hicho kiko chini sana, na ndiyo maana umande hauonekani saa sita. Kwa pumzi ya binadamu hali ni tofauti. Kwa kuwa imeshajaa mvuke, kiwango chake cha umande kinakaribia joto lake lenyewe, na ikipoa kidogo tu maji huanza kutoka.

Mtu asiye na barakoa hupumua mbele na chini, mbali na macho. Akivaa barakoa, pumzi hukuta kitambaa kinachoikinza, nayo hutafuta njia nyepesi. Uso wa binadamu una mabonde mawili, moja kila upande wa pua, na barakoa nyingi hupita juu ya mabonde hayo bila kuyagusa. Kupitia mianya hiyo pumzi hupanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi, yaani vioo vya miwani, hata kama siku hizi vingi ni vya plastiki.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kuendelea: maji yenyewe hayazuii kuona. Mtu huona vizuri kupitia glasi iliyojaa maji safi. Kinachozuia ni umbo la maji yanapotua kwenye lenzi. Hujikunja yakawa matone madogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila tone hupindisha mwanga kivyake. Jicho hupokea mwanga uliotawanyika, na mbele huwa weupe mtupu. Ufafanuzi huu utahitajika tutakapofika kwenye sabuni.

*Kwa ufupi: ukungu wa miwani unahitaji vitu viwili, pumzi yenye mvuke inayofika kwenye lenzi, na lenzi iliyo baridi kuliko pumzi hiyo. Kikikosekana kimoja, ukungu haupo.*

Alfajiri ya Juni na saa nane mchana

Wako wanaosema miwani yao huingia ukungu siku nyingine na siku nyingine haiingii, ilhali barakoa ni ileile. Wanasema kweli, na sababu ni lenzi.

Lenzi haina joto lake. Hufuata joto la hewa iliyoizunguka. Asubuhi za Juni na Julai katika ukanda huu huwa na baridi, na mtu anayetoka nyumbani Bariadi saa kumi na mbili amevaa lenzi zenye nyuzi 17 au 18. Pumzi ya kwanza tu inatosha kumfunga macho. Saa nane mchana, hewa ikiwa imepanda hadi nyuzi 30, lenzi zake nazo zimepata joto. Pumzi ikipanda huchanganyika njiani na hewa kavu, mvuke wake unapungua makali, na inapofika kwenye lenzi haina tena maji ya kudondosha.

Mahali napo pana sauti yake. Lamadi, wilayani Busega, mji ulio karibu na Ziwa Victoria, hewa ina unyevu na ukungu ukishika hukawia kuondoka. Meatu, upande mkavu wa mkoa, ukungu uleule hukauka haraka. Aliyekaa nusu saa ndani ya benki yenye kiyoyozi kikali ana lenzi za asubuhi hata kama nje ni saa saba. Mwendesha bodaboda naye ana kisa chake: akiwa mwendoni upepo hupeperusha pumzi na miwani hubaki safi, lakini akisimama kusubiri abiria, ukungu humwingia ndani ya sekunde chache. Helmeti yenye kioo kilichofungwa hufanya hivyohivyo, barakoa iwepo isiwepo.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Saa nane mchana miwani ikiwa safi, mtu hudhani barakoa imekaa sawa. Haijakaa sawa. Pumzi bado inavuja kwa kiasi kilekile cha alfajiri, ila hakuna lenzi ya baridi ya kuishitaki. Ukungu ni kipimo cha bure cha uvujaji, lakini kipimo hicho hufanya kazi kukiwa na baridi tu. Anayetaka kujua barakoa yake inavuja au la aijaribu asubuhi.

Kwa nini uvujaji ni habari kubwa kuliko ukungu

Msimu wa kuuza pamba hufunguliwa kwa kawaida kati ya Mei na Juni, na viwanda vya kuchambua huwaka moto miezi inayofuata. Ni miezi ileile ya asubuhi za baridi. Mfanyakazi mwenye miwani anayeingia zamu ya alfajiri hukutana na mambo yote mawili kwa mpigo, vumbi la nyuzi angani na ukungu machoni. Kishawishi kinachofuata kinajulikana katika kila kazi ya vumbi: anaishusha barakoa chini ya pua ili aone mashine. Mashine yenye misumeno inayozunguka si ya kutazamwa kupitia ukungu, kwa hiyo uamuzi wake una mantiki. Ila sasa pua iko wazi.

Vumbi la pamba lina ugonjwa wake, uitwao bisinosisi. Ni ugonjwa wa mapafu unaowapata watu wanaovuta vumbi la pamba, kitani au katani kwa muda mrefu, na una tabia ya ajabu. Mwanzoni kifua hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha hulegea kadiri wiki inavyosonga. Kwenye viwanda vya nguo vya Uingereza na kwingineko uliandamana na Jumatatu kiasi cha kupewa jina la siku hiyo. Miaka ikipita bila kujikinga, kifua huacha kuchagua siku.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri nchini Tanzania ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo, OSHA, hufanya ukaguzi. Lakini kifaa kilichotolewa na kifaa kilichovaliwa sawasawa ni vitu viwili. Barakoa ya N95, kwa mfano, imeitwa hivyo kwa sababu kitambaa chake huzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Asilimia hiyo ni ya kitambaa. Hewa inayopita kwenye mwanya wa puani haijachujwa hata kidogo, na mahali pumzi inapotokea, vumbi nalo linaweza kuingilia mtu anapovuta hewa ndani.

Mambo ni yaleyale kwa muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, na pia kwa vijana wa Maswa wanaotengeneza chaki, bidhaa iliyopata umaarufu wakati Simiyu ilipokuwa ikihimiza mpango wake wa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja. Unga mweupe wa chaki na ukungu mweupe wa pumzi vikikutana kwenye lenzi moja, hutengeneza tope.

Anza na pua

Barakoa za hospitali na za N95 zina utepe wa chuma laini ukingoni kwa juu. Wengi huubana mara moja kwa vidole viwili vya mkono mmoja, kama anayejiziba pua, kisha wanaendelea na shughuli zao. Kubana hivyo hutengeneza ncha juu ya mwamba wa pua na kuacha mahandaki mawili pembeni. Mahandaki hayo ndiyo dohani za ukungu.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu:

1. Vaa barakoa kabla ya miwani, na ishushe hadi ifunike kidevu.
2. Weka ncha za vidole vya mikono yote miwili katikati ya waya, juu ya mwamba wa pua.
3. Sukuma vidole kuelekea mashavuni huku ukibonyeza, ili waya uingie kwenye mabonde ya pembeni. Rudia mara mbili au tatu.
4. Pumua nje kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, rudi kwenye hatua ya tatu.
5. Sasa vaa miwani, ukiweka fremu juu ya ukingo wa barakoa ili uzito wake uubane.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wahudumu wa afya wanaovaa N95 hufundishwa kuifanya kila wanapovaa, bila kujali kama wana miwani.

Kamba za masikio zikiwa ndefu, waya pekee hautoshi, kwa kuwa barakoa nzima inaning'inia. Februari 2021 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa matokeo ya majaribio ya njia rahisi: kufunga fundo kwenye kila kamba karibu kabisa na kitambaa, kisha kukunja mikunjo inayobaki pembeni kwa ndani. Barakoa ileile ya hospitali ikazuia chembe vizuri zaidi. Haikugharimu kitu.

Anayehitaji uhakika wa saa nyingi, kama daktari wa upasuaji au mwalimu anayesahihisha mitihani, anaweza kubandika kipande cha plasta ya hospitali juu ya ukingo, kutoka shavu hadi shavu. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakifanya hivyo zamani kabla ya dunia kusikia habari za UVIKO. Iwe plasta ya ngozi, si selotepu ya ofisini, ambayo huacha vipele na haishiki penye jasho. Tishu iliyokunjwa mara kadhaa na kuwekwa ndani ya ukingo wa juu nayo husaidia, kwa kuwa hunywa unyevu na kujaza mwanya, lakini ikilowa ibadilishwe.

Kuhusu ile njia ya kupuliza pumzi chini kwa kutanguliza mdomo wa juu, inafaa kwa dakika moja ya kutafuta funguo. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kutwa nzima.

Waya kwa fundi cherehani

Barakoa za kitambaa zilizoshonwa mwaka 2020 zilikuwa na rangi za kuvutia, vipimo vya kila namna, na mara nyingi hazikuwa na waya. Kasoro hiyo ndiyo iliyowatesa wenye miwani, nayo hurekebishika kwa dakika tano za cherehani.

Fundi akunje ukingo wa juu kwa ndani uwe na mfereji mwembamba, apenyeze waya laini wenye urefu wa sentimita 10 hivi, kisha afunge pande zote mbili kwa mshono. Waya wa umeme mwembamba ukiwa bado na plastiki yake hufaa, kwa kuwa haushiki kutu ukifuliwa. Ncha zikunjwe zirudi nyuma. Waya uliokatwa na kuachwa wazi utatoboa kitambaa na hatimaye shavu. Waya mgumu wa kufungia nondo usitumike, maana ukishapinda haukubali tena kufuata pua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa tarehe 5 Juni 2020, lilipendekeza barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu, na lile la ndani liwe la kitu kinachonyonya maji, kama pamba. Kwa mwenye miwani pendekezo hilo lina faida ya ziada, kwa sababu tabaka linalonyonya hupunguza unyevu unaofika juu. Ajabu yake ni kwamba mkoa unaozalisha pamba kwa wingi hauna uhakika wa kuipata dukani. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na vitenge vingi sokoni ni poliesta. Fundi mzoefu hutambua kwa kudondosha maji: pamba huyanywa, poliesta huyaacha yakiteleza juu.

Sabuni, dawa ya pili

Baada ya pua, sasa lenzi.

Mwaka 2011 madaktari wawili wa Uingereza walichapisha katika jarida la madaktari wa upasuaji maelezo ya njia yao ya kuzuia ukungu: kuosha miwani kwa maji ya sabuni muda mfupi kabla ya kuvaa barakoa, kukung'uta maji yaliyozidi, na kuiacha ikauke yenyewe au kuifuta taratibu kwa tishu laini. Basi. Miaka tisa baadaye maelezo hayo yalisambaa dunia nzima.

Sababu ya kufaa kwake ni ile ya umbo la maji. Maji hujikunja kuwa matone kwa sababu ya mvutano wa uso, yaani nguvu inayozivuta chembe za maji zishikamane zenyewe kwa zenyewe badala ya kutandaa. Sabuni huivunja nguvu hiyo. Utando wake mwembamba ukibaki kwenye lenzi, mvuke unaotua hautengenezi matone. Hutandaa ukawa ngozi moja laini ya maji ambayo mwanga hupita bila kutawanyika. Maji yapo, ila hayaonekani. Ndiyo maana kuosha kwa sabuni kisha kusuuza kupita kiasi na kufuta hadi lenzi ilie hakusaidii, kwani utando unaotakiwa umeondolewa.

Wazamiaji wa baharini hutema mate ndani ya miwani yao ya kuzamia na kuyasuuza, na hufanikiwa kwa sababu hiyohiyo. Baharini ni sawa. Kliniki si baharini, na mate yabaki mdomoni.

Marekani ilijifunza habari ya sabuni kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 5 Juni 1966 mwanaanga Gene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A na kufanya kazi angani kwa zaidi ya saa mbili. Jasho na pumzi vilijaza ukungu kwenye kioo cha helmeti yake hadi akawa anasugua kwa pua apate kitundu cha kuchungulia. Baada ya hapo NASA ikaanza kupaka vioo dawa yenye asili ya sabuni. Aprili 2001 dawa ya namna hiyo ikamwingia machoni Chris Hadfield wa Kanada akiwa nje ya kituo cha anga. Kwa kuwa angani machozi hayadondoki, yalitapakaa kutoka jicho moja hadi la pili, na kwa muda akawa haoni kabisa. Wa Bariadi hana shida ya machozi yasiyodondoka, lakini funzo la kutumia sabuni kidogo linamhusu. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo linatosha lenzi zote mbili, na shampuu ya watoto ni bora zaidi kwa mwenye macho yanayowasha. Sabuni zenye mafuta ya kulainisha ngozi ziepukwe. Huacha utelezi unaotia giza.

Utando huo hudumu saa kadhaa, si siku kadhaa.

Maji ya kisima na maji ya ziwa

Ushauri wa sabuni ulioandikwa Uingereza hauna habari za visima vya Meatu. Katika maeneo makavu maji ya chini ya ardhi hutoka na madini mengi, na sabuni ya mche ikikutana na maji ya namna hiyo, maji magumu, haitoi povu la maana. Chokaa iliyomo hushikana na sabuni ikawa utando wa kijivu unaoganda kwenye beseni, na kwenye lenzi vilevile. Mtu huosha miwani ili aone, akaishia na madoa meupe.

Njia za kukwepa ni tatu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haishikani na chokaa kama ya mche, kwa hiyo itumike hiyo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana madini, na kikombe kimoja kilichowekwa akiba kinatosha miwani kwa siku nyingi. Na maji ya Ziwa Victoria ni laini kwa asili, jambo linalowapa watu wa Busega nafuu ambayo mradi mkubwa wa kuvuta maji ya ziwa umekusudiwa kuifikisha wilaya nyingine za mkoa, ingawa hakuna mhandisi aliyeuchora akifikiria miwani.

Vumbi nalo lina masharti yake. Lenzi iliyotoka barabarani isifutwe ikiwa kavu, hata kwa kanga iliyolainika kwa miaka, kwa sababu chembe za mchanga zikisuguliwa huacha mikwaruzo isiyofutika. Kwanza maji, kisha sabuni, kisha kitambaa.

Ya kuachwa

Dawa ya meno hutajwa mara nyingi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ina chembe za kusugulia meno, nazo husugua plastiki ya lenzi hadi ififie. Majivu ni hivyohivyo. Spiriti kali inaweza kuondoa lile tabaka la kupunguza mng'ao lililopakwa kiwandani, na miwani ya namna hiyo si rahisi kuipata tena karibu.

Dawa za kupuliza zinazouzwa maalumu kwa ukungu hufanya kazi, lakini Januari 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walieleza kwamba walipima bidhaa 9 za aina hiyo, za kupuliza na za vitambaa, wakakuta zote zina kemikali za jamii ya PFAS. Hizo ni kemikali zisizooza kirahisi katika mazingira wala mwilini. Hawakuthibitisha kwamba zimemdhuru mtu. Hata hivyo, penye sabuni ya shilingi chache, haraka ya kuzinunua haipo.

Kuna pia tahadhari kuhusu sabuni yenyewe. Lenzi iliyopakwa sabuni haionyeshi ukungu hata pumzi ikivuja kama moshi wa tanuri la mkaa. Anayeanza na sabuni amekizima kipimo kabla hajakisoma. Kwa mtu anayekwenda sokoni haidhuru. Kwa anayeingia kwenye vumbi la pamba au wodi ya kifua kikuu inadhuru. Pua kwanza, jaribio la pumzi, kisha sabuni.

*Kwa ufupi: sabuni hurekebisha lenzi, waya hurekebisha barakoa, na anayejikinga na vumbi au vijidudu anahitaji waya zaidi ya sabuni.*

Pasipo ruhusa ya kugusa uso

Kuna wasioweza kurekebisha chochote kazi ikishaanza. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kwanza wa ugonjwa wa Marburg nchini, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Wahudumu wa wagonjwa wa namna hiyo huvaa gauni la plastiki, glavu, barakoa, na miwani mikubwa ya kinga inayoshika uso pande zote. Ndani ya vazi hilo jasho halina pa kwenda, na tangu mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 ukungu umekuwa mojawapo ya mambo yanayoamua mhudumu akae wodini muda gani.

Miwani ya kinga yenye matundu ya hewa yaliyofunikwa hupunguza shida, na nyingine hupakwa dawa kiwandani. Lakini ikishajaa ukungu mhudumu haruhusiwi kuinua mkono, maana glavu imegusa mgonjwa. Hawezi kufuta wala kusogeza waya. Hutoka nje, na kutoka huko ni kuvua kipande kimoja baada ya kingine mbele ya msimamizi, akinawa mikono kila hatua. Kwa sababu hiyo waya wa puani hubanwa na pumzi hujaribiwa nje ya mlango, kabla ya glavu ya pili kuvaliwa.